Umeme wa Simu Hulipwa na Nani Burungu?

Simu ya mezani haikuwa na chaja, na mwenye nyumba hakujua inakula umeme kiasi gani. Kifaa kilikaa mezani, waya mwembamba ukatoka ukutani, na waya huo huo ulileta sauti pamoja na nguvu ya kuisafirisha. Umeme wa nyumba ukikatika, taa zikazimika na friji ikanyamaza, simu iliendelea kulia. Wengi waliamini kwamba simu haitumii umeme. Ilitumia, ila bili yake haikuletwa mlangoni.

Leo simu imefika hata Burungu, huko juu Bashali, wilaya ya Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Sake kupitia Kilolirwe kwenda Kitchanga. Mchunga ng'ombe anayo, mwalimu anayo, mama anayepeleka maharage na viazi sokoni anayo. Umeme haukuja nayo. Nguzo za umeme wa umma hazijapanda milima ile, kwa hiyo kila mwenye simu ana kazi ya pili baada ya kununua yuniti: kutafuta mahali pa kuchaji. Swali la nani analipa umeme wa simu laweza kuonekana la mafundi tu kwa mtu wa London au Nairobi. Masisi ni swali la pesa ya chumvi na sabuni. Ninavyoona mimi, simu ilipoachana na waya gharama ya umeme wake ilihama kutoka kwa kampuni kwenda kwa mteja, na mteja mwenye uwezo mdogo ndiye anayeilipa kwa bei kubwa kuliko wote.

Tuanze na waya. Simu za mwanzo kabisa zilikuwa na betri zake ndani ya nyumba, ndani ya sanduku la mbao lililotundikwa ukutani. Betri ziliendesha kinasa sauti tu. Kengele ya upande wa pili ililizwa kwa kuzungusha mpini, na mpini ulizungusha sumaku ndogo iliyozalisha umeme papo hapo. Aliyepiga simu aliulipia mlio kwa nguvu za mkono wake. Mafundi wa kampuni walilazimika kupita nyumba hadi nyumba kubadilisha betri zilizokufa, na kazi hiyo ilikuwa ghali mno. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kampuni za Marekani zikapata njia nyingine: betri zote zikusanywe mahali pamoja, kwenye kituo cha kuunganishia simu, na umeme upelekwe kwa kila mteja kupitia waya ule ule wa mazungumzo. Mpango huo ndio uliotawala dunia kwa muda wa miaka mia moja.

Kituo cha namna hiyo kilikuwa na chumba cha betri za risasi na asidi, zimepangwa safu kwa safu na kuunganishwa hadi zifike volti 48 za mkondo mnyofu. Umeme wa mji ulizijaza polepole usiku na mchana. Ukikatika, betri zilibeba mzigo kwa saa kadhaa, na nyuma ya jengo jenereta ilisubiri zamu yake. Upande chanya wa betri ulifungwa ardhini na waya ukabeba volti 48 hasi, kwa kuwa waya wa shaba uliolowa huliwa upesi zaidi ukiwa chanya. Kulia kwa kengele kulihitaji nguvu zaidi: kituo kilituma mkondo geu wa volti kati ya 75 na 90, wenye kugeuka mara 20 au 25 kwa sekunde. Fundi aliyekuwa ameshika waya wakati simu inaita aliupata ujumbe kabla ya mwenye nyumba.

Hesabu ya matumizi inashangaza kwa udogo wake. Simu iliyoinuliwa ilipitisha mkondo wa miliampia 20 hadi 50. Tukichukua 25 kwa volti 48, tunapata wati 1.2. Mtu anayezungumza saa moja kila siku, mwaka mzima, hafikishi nusu ya kilowati-saa. (Kongo yuniti ni salio la simu, kwa hiyo hapa umeme nitaupima kwa kilowati-saa tu.) Mitambo ya kituo ilikula zaidi ya hapo, lakini mteja hakuuona huo pia. Vyote viliingizwa kwenye ada ya mwezi. Mteja alilipa, bila shaka, lakini alilipa kwa bei ya umeme wa jumla ambao kampuni iliununua, na wajibu wa kuhakikisha umeme upo ulikuwa wa kampuni. Simu ikinyamaza, aliyelaumiwa alijulikana.

Thamani ya wajibu huo ilionekana siku za shida. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, ukawaacha watu milioni 50 gizani. Minara mingi ya simu za mkononi ilinyamaza betri zake zilipokwisha, na simu za waya zikaendelea kuita. Sasa nchi hizo hizo zinaondoa waya wa shaba na kuweka nyuzi za kioo, ambazo hubeba mwanga na haziwezi kubeba umeme. Kifaa cha mwisho cha nyuzi hizo hukaa nyumbani kwa mteja na kuchomekwa kwenye soketi ya mteja. Uingereza imepanga kuzima mtandao wa zamani ifikapo Januari 2027, na msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, anazitaka kampuni ziwape wateja wanaotegemea simu ya nyumbani njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika. Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba kampuni zimpe mteja nafasi ya kununua betri ya akiba ya saa 8, kisha ya saa 24 ndani ya miaka mitatu iliyofuata. Tazama neno kununua. Hata huko, mzigo umeanza kuvuka kizingiti na kuingia nyumbani kwa mteja. Nairobi waliliona hilo tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipokosa umeme: mwenye intaneti ya nyuzi asiye na betri nyumbani alikatikiwa hata kama waya wake ulikuwa mzima.

Kongo ilipita njia hiyo mapema zaidi, na kwa ukali zaidi. Shirika la posta na simu, OCPT, ambalo baadaye lilibadilishwa kuwa kampuni ya SCPT, lilirithi vituo na waya za enzi ya Wabelgiji, likaviona vikifa kimoja kimoja: shaba iliibwa, vipuri vilikosekana, umeme wa kujaza betri ukawa wa kubahatisha. Chumba cha betri kikifa, kila simu ya mji inakufa siku moja, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa ule mpango mzuri wa kukusanya betri mahali pamoja. Unadai taasisi iliyosimama wima. Katika Zaire ya miaka ya 1980 taasisi za kusimama hivyo zilikuwa chache.

Ndiyo maana simu ya mkononi iliingia Kinshasa kabla ya miji mingi ya Afrika. Telecel, kampuni ya mfanyabiashara Miko Rwayitare, ilianza kazi huko mwaka 1986, ikiwauzia mawaziri na matajiri simu za bei ambayo mwalimu asingeifikia kwa mshahara wa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja Celtel, ambayo leo ni Airtel, kisha Vodacom, na baadaye Orange na Africell. Simu ikashuka bei hadi ikafika sokoni Kitchanga. Watu waliohesabiwa kuwa hawatapata simu hata kwa wajukuu wao waliipata bila kumsubiri fundi wa nguzo. Huo ni ushindi mkubwa na sitaki kuupunguza.

Lakini simu ya mkononi iliugawa umeme wa simu mafungu mawili. Fungu la kwanza liko kwenye antena, na hilo linalipwa na kampuni. Fungu la pili liko mfukoni, na hilo unalilipa mwenyewe. Tuyatazame moja moja, maana siasa zake hazifanani.

Antena ya kijijini, ukiondoa bati na chuma chake, ni mtoto wa kile kituo cha zamani. Mitambo yake bado huendeshwa kwa volti 48 hasi, zile zile za chumba cha betri. Kinachobadilika ni chanzo. Mahali pasipo na umeme wa umma, jenereta ndogo ya mnara hula lita moja na nusu hadi mbili za dizeli kwa saa, na ikifanya kazi usiku na mchana mwezi mmoja humaliza zaidi ya lita 1,000. Mafuta hayo yanapanda kutoka Goma kwa lori, kwenye barabara ambayo mvua ya Novemba huigeuza matope, yakipita vizuizi ambako kila anayeshika bunduki anataka chake. Minara mingi ya Kongo haimilikiwi tena na kampuni za simu. Ni ya kampuni za minara kama Helios Towers, ambayo hisa zake zinauzwa London tangu mwaka 2019, na ambayo huzikodisha kampuni za simu nafasi kwenye chuma pamoja na umeme wa kuendeshea mitambo. Kwa hiyo dizeli ya mlimani inaingia kwenye kodi ya mnara, kodi inaingia kwenye bei ya dakika na mega, na bei hiyo inalipwa na kila mteja. Kwa kuwa bei ya dakika haipandi unapopanda mlima, mteja wa Kinshasa anasaidia kulipia antena ya Masisi bila kujua. Hapo kanuni ya zamani bado ipo: gharama inakusanywa, inasambazwa, na kampuni inabeba wajibu.

Fungu la mfukoni halina kanuni kama hiyo. Benki ya Dunia inakadiria kwamba karibu Mkongo mmoja kati ya watano ana umeme, na vijijini ni kama asilimia moja tu. Wengi wa waliobaki wanachaji kwa mtu.

Kibanda cha kuchajia ni biashara inayojulikana katika kila soko la Masisi. Juu ya bati pana paneli moja au mbili za sola, chini ya meza pana betri ya gari, kando yake inverta inayovuma, na kutoka hapo ekstensheni zinazounganishwa moja kwa nyingine mpaka ukuta unajaa waya. Pasipo na paneli, jenereta ya petroli inawashwa saa za jioni. Kila simu inabandikwa kipande cha karatasi chenye namba, na mwenye simu anaondoka na namba inayofanana. Betri za simu za vitufe mara nyingi hutolewa na kubanwa kwenye chaja ya vibanio, kisha simu yenyewe inarudi nyumbani bila betri ili isipotee. Kijana wa kibanda anajua simu ya nani inajaa kwa nusu saa na ya nani imechoka kiasi kwamba hata ikilala hapo haipiti nusu. Anajua pia lini mawingu yatamnyima kipato. Milima ya Masisi ina ukungu na mvua nyingi, na paneli inayonunuliwa kwa ahadi ya jua la jangwani huko hutoa kidogo sana kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi yake.

Simlaumu kijana huyo kwa bei anayotoza. Anabeba gharama ya paneli, ya betri inayokufa kila baada ya miaka michache, ya petroli iliyokuja na pikipiki, na ya hatari ya kuporwa vyote kwa usiku mmoja. Nataka tu tuifanye hesabu ambayo mteja wake hana nafasi ya kuifanya.

Simu ndogo ya vitufe, mfano wa Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ina betri ya miliampia-saa 850, yaani kama wati-saa 3. Ukiichaji mara mbili kwa wiki na kuongeza umeme unaopotea njiani kwenye chaja, kwa mwaka unafika kama kilowati-saa 0.4. Ni kiasi kile kile cha simu ya waya ya saa moja kwa siku. Basi tuseme kibanda kinatoza faranga 200 kila mara. Kwa mwaka ni safari 104 na faranga 20,800, kwa umeme usiofika nusu ya kilowati-saa.

Simu kubwa ya kugusa ni mlafi zaidi. Betri yake ya miliampia-saa 5,000 hubeba wati-saa 19, na ikichajiwa kila siku hutumia kama kilowati-saa 9 kwa mwaka. Kwa faranga 500 kila siku, mwaka unakula faranga 182,500, yaani zaidi ya faranga 20,000 kwa kila kilowati-saa. Mtanzania wa daraja la D1 la TANESCO, yule asiyezidi kilowati-saa 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa kila moja kabla ya tozo. Yeye angeichaji simu hiyo hiyo mwaka mzima kwa shilingi 900. Bei za kibanda nilizotumia ni za mfano, na kila soko lina yake, lakini hata ukizikata katikati tofauti inabaki ya kutisha. Mwenye umeme ukutani hahesabu gharama ya kuchaji simu kwa sababu ni ndogo mno kuhesabika. Asiye nao anainunua kwa vipimo vidogo, na vipimo vidogo ndivyo vinavyouzwa kwa bei kubwa, kama anayenunua mafuta ya kupikia kwa kifuniko cha chupa.

Gharama ya pesa si yote. Watu wamejifunza kuishi na simu iliyozimwa. Huwashwa jioni, saa ambayo ndugu wa Goma au Kampala anajua kwamba itawashwa, kisha inazimwa tena. Tochi ya simu, ambayo ndiyo taa ya nyumba nyingi, inashindana na mazungumzo kwa betri moja. Kubipu humwokolea mpigaji yuniti zake, lakini anayebipiwa lazima awe na chaji ya kuonyesha bipu yenyewe. Pesa nazo zimeingia humo humo: M-Pesa ya Vodacom ilianza Kongo mwaka 2012, Airtel na Orange nazo zina huduma zao, na mtu anayetumiwa fedha za dawa hawezi kuzitoa kwa simu iliyokufa. Mwenye jibini ya Masisi anayetaka kujua bei ya Goma kabla mzigo haujapakiwa yuko pale pale. Ndani ya nyumba, simu yenye chaji mara nyingi ni ya baba. Ya mama inasubiri, na namba ya mkunga au muuguzi imehifadhiwa kwenye ile inayosubiri.

Kisha kuna vita, ambavyo vinayagusa mafungu yote mawili kwa wakati mmoja. Oktoba 2023 Kitchanga ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja, na mapigano yakashuka hadi Burungu na Kilolirwe. Barabara ikifungwa, dizeli ya antena haipandi, na petroli ya kibanda haipandi pia. Paneli ni kitu cha kwanza mtu anachofungua kwenye bati anapokimbia, na ni kitu cha kwanza anachonyang'anywa njiani. Januari 2025, mapigano yalipoufikia mji wa Goma, nyaya za umeme unaotoka kwenye mtambo wa maji wa Matebe, ule wa megawati 13.8 uliozinduliwa mwaka 2015 huko Rutshuru, zilikatwa na mji ukabaki gizani. Kabla ya hapo, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na siku tano baadaye mamlaka ya kijeshi ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihame, maelfu ya watu walitembea kwenda Sake wakiwa na simu mkononi kama njia pekee ya kutafutana na watoto waliopotezana. Kila aliyepata tundu la kuchajia aliuza au aligawa. Dharura ndiyo wakati ambao simu ya waya iliahidi kutokufa. Simu ya mkononi haikutoa ahadi hiyo kwa mtu yeyote, na sheria haikuidai.

Sheria za Kongo zina mengi juu ya simu. Kuna sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020, kuna msimamizi anayeitwa ARPTC, kuna mfuko wa huduma kwa wote unaolenga kuzifikisha simu vijijini. Upande wa umeme, sheria ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa shirika la umeme la taifa, SNEL, na kufungua mlango kwa kampuni binafsi. Goma ilinufaika: Virunga Energies ilileta umeme wa maji, na Nuru ilifungua mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3. Lakini msimamizi wa simu anahesabu kijiji kuwa kimefikiwa mawimbi yakifika, na msimamizi wa umeme anahesabu kaya zilizounganishwa. Simu iliyozimwa kwa kukosa chaji haihesabiwi na mmoja wala mwingine.

Serikali inajua kumfikia mteja kupitia simu yake inapotaka. Septemba 2020 ilianza kutoza ada ya RAM, ya kusajili vifaa vya mkononi, ikikatwa moja kwa moja kwenye yuniti za mteja: dola 1.17 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa. Wananchi walipiga kelele, bunge likapiga kelele, na mwaka 2022 ada ikaondolewa. Kwa mwenye simu wa Bashali, ada hiyo ilikuwa nzito, na ilidaiwa kwa kifaa ambacho nusu ya wiki hakina moto. Kama njia ya kuchukua pesa kutoka kwenye kila simu ya nchi ilipatikana kwa miezi michache, njia ya kupeleka umeme kwenye simu hizo nayo ingetafutwa kwa juhudi ile ile.

Ninalisema hili kwa uzito zaidi kwa sababu ya ardhi yenyewe. Rubaya, iliyoko wilaya hiyo hiyo ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalumu ya dunia, madini yanayowezesha vipuri vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na mitambo. Bisie, huko Walikale, hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia, na bati ndilo linalounganisha vipuri hivyo kwenye bodi. Mtu anayetembea saa moja kwenda kuchaji simu anatembea juu ya mali iliyomo ndani ya simu hiyo.

Majibu ya kibiashara yapo, na baadhi ni mazuri. Kenya, M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza paneli ndogo yenye taa na waya za kuchajia kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Kongo Mashariki, Bboxx inauza mifumo ya namna hiyo, na Altech, iliyoanzishwa na Wakongo wawili, Washikala Malango na Iongwa Mashangao, waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu Tanzania, imesambaza taa za jua zenye tundu la kuchajia. Taa ya namna hiyo hulipia gharama yake kwa haraka ukilinganisha na kibanda. Tatizo ni kwamba malipo ya kila siku yanamtaka mnunuzi awe na kipato cha kila siku na makazi ya kudumu, na familia iliyohamishwa mara tatu ndani ya miaka miwili haina hata kimoja. Tena mzigo wote unabaki kwa kaya: kununua, kulinda, kubadilisha betri.

Jibu ninaloliona la maana zaidi liko kwenye antena. Mnara wa kijijini tayari ni kituo cha umeme. Una betri, una fundi anayekuja kuukagua, una mlinzi, na kampuni inayolazimika kuuweka hai. Huko Uttar Pradesh, India, kampuni ya OMC Power imejenga vituo vya jua ambavyo mnara wa simu ndio mteja wake mkuu na kijiji kinachouzunguka kinapata umeme unaobaki. Kwa Masisi hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho ili kuanza. Wati 200 zikitolewa kutoka kwenye mfumo wa mnara kwa saa kumi za mchana ni kilowati-saa 2 kwa siku, zinazotosha kuchaji simu ndogo karibu 500, au simu kubwa kama 80. Kwa mnara unaokula kilowati moja au zaidi usiku na mchana, hiyo ni sehemu ndogo. Na kampuni inafaidika, maana simu yenye chaji hununua yuniti na simu iliyozimwa hainunui kitu. Sielewi kwa nini biashara inayotumia fedha nyingi kupeleka dizeli mlimani inaiacha nusu ya mwisho ya safari mikononi mwa betri ya gari iliyochoka.

Pingamizi zipo. Kampuni huogopa wizi, na huogopa mnara kugeuka mahali pa makundi kukusanyika katika eneo lenye silaha. Mwenye kibanda ataogopa kupoteza riziki. Hofu ya kwanza inajibika kwa kuiweka soketi nje ya uzio, mita kadhaa kutoka kwenye mitambo, na ya pili kwa kumkabidhi mwenye kibanda huyo huyo kazi ya kuiendesha, akinunua umeme kwa bei ya jumla na kuuza kwa bei iliyobandikwa ukutani. Ndiye anayewajua wateja, na ndiye anayejua kuitunza simu ya mtu.

Wakati wa kuyadai haya ni sasa, kwa sababu minara mipya inakuja. Mwaka 2025 Orange na Vodacom zilitangaza kushirikiana kujenga vijijini mwa Kongo hadi minara 2,000 inayotumia jua ndani ya miaka sita. Mwaka huo huo ARPTC iliipa leseni Starlink, ambayo chombo chake cha nyumbani hunyonya wati 50 hadi 100 mfululizo, umeme ambao nyumba ya Burungu haina kabisa, kwa hiyo antena ya mlimani itabaki kuwa simu ya wengi kwa miaka mingi. Mnara wa jua unapimwa kabla haujajengwa: idadi ya paneli, ukubwa wa betri, mzigo wa mitambo. Kuongeza wati 200 kwenye karatasi ya mhandisi ni paneli chache. Kuziongeza baada ya mnara kusimama kunadai mkataba mpya, lori jingine na kibali kingine. Msimamizi anayetoa leseni na mfuko wa huduma kwa wote wanaweza kuliandika sharti hilo leo, pamoja na bei ya juu ya kuchaji na jina la anayewajibika soketi ikifa.

Kwa wale ambao mnara wao bado unatumia dizeli, hata kabla ya jua kufika, inafaa kila mwezi kampuni itangaze saa ambazo antena ilinyamaza na sababu yake, kijiji kwa kijiji. Mteja wa simu ya waya alijua amdai nani. Watu wa Burungu, Kilolirwe na Kitchanga wanalipa kwa kila dakika na kwa kila chaji, na wana haki ya kuuliza swali hilo hilo na kujibiwa kwa tarehe na kwa saa.